Ukoo wa Chumbageni, Tanga: Mama aenda kuziona nguzo za Baba

*JUMATANO USIKU*

*Saumu (Athens):* Asalaam alaykum ukoo mzima. Shikamooni wakubwa wote. Mama kafika salama, kala kidogo, kalala. Nina jambo nataka tulizungumze kabla hajaamka.

*Hemedi:* Waalaykum salaam dada. Alhamdulillahi kwa kufika. Jambo gani tena?

*Saumu:* Ile rasi aliyokuwa akiitaja marehemu Baba enzi zake za ubaharia. Sounion. Nataka nimpeleke Jumamosi.

*Shangazi Mwanaisha:* Marahaba mwanangu. Penye nguzo nyeupe?

*Saumu:* Hapo hapo Shangazi.

*Shangazi Mwanaisha:* Ya Rabi. Kaka yangu alizitaja mpaka sisi tusiovuka hata Pemba tukawa tunaziona. Alikuwa akisema, "Ukiziona nguzo upande wa kulia, jua Piraeus imefika, kanyoe ndevu."

*Hemedi:* Mimi nilidhani ni stori za mabaharia tu. Kumbe ni mahali kweli?

*Saumu:* Ni kweli kabisa kaka. Ni hekalu la Poseidon, aliyekuwa mungu wa bahari kwa imani ya Wagiriki wa kale. Lipo kwenye ncha ya mwisho ya nchi kavu kusini ya Athens, juu ya jabali, kama mita 60 kutoka majini. Meli ikikunja rasi ile kuingia ghuba ya Piraeus, bandari ya Athens, lazima nguzo zibaki kulia kwake. Baba hakutia chumvi.

*Hemedi:* Mnaendaje? Magoti ya Mama unayajua.

*Saumu:* Ndiyo ninayotaka kuongea. Basi la abiria lipo na bei yake ni nafuu. Lakini ni karibu saa mbili kwenda, linasimamasimama njiani, na kurudi unalingoja kwenye upepo giza likiingia. Kwa Mama nimekataa. Nimezungumza na dereva wa gari binafsi, safari ya nusu siku. Anatuchukua mlangoni saa tisa alasiri, tunafuata barabara ya pwani, kama kilomita 70, anatungoja mpaka jua lizame, anaturudisha mpaka mlangoni.

*Hemedi:* Kiasi gani?

*Saumu:* Euro 160 gari zima, si kwa kichwa. Tiketi za kuingia mbali. Jirani yangu mmoja anakuja nasi na anachangia.

*Hemedi:* Saumu, hiyo inakaribia ada ya muhula ya mwanangu Tatu.

*Saumu:* Najua kaka. Nimeiweka kidogokidogo tangu Ramadhani. Sikuombi mchango, nakuomba radhi yako tu kama mkubwa wetu.

*Hemedi:* Radhi unayo. Nimeuliza kwa sababu najua jinsi unavyojinyima huko.

*Mjomba Kassim:* Waalaykum salaam. Nimesoma yote. Saumu mwanangu, dada yangu ni mtu wa swala tano. Hekalu la masanamu atakwenda kufanya nini?

*Saumu:* Shikamoo Mjomba. Sanamu hakuna, paa hakuna, hata kuta hazipo. Zimebaki nguzo na msingi. Haabudiwi mtu pale kwa karne nyingi. Ni mahame, kama Tongoni tulikokuwa tukipelekwa na shule.

*Mjomba Kassim:* Marahaba. Kama ni mahame, sawa. Tumeamrishwa tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotangulia. Ila msikose Alasiri njiani.

*Saumu:* Hatutaikosa Mjomba, inshallah.

*Tatu:* Shangazi Saumu, mpigie Bibi picha nyingi. Na hizo nguzo ni ngapi?

*Saumu:* Nitazihesabu mwanangu.

*JUMAMOSI*

*Saumu:* Tumeondoka. Kwa bahati saa zetu na zenu bado ni moja mpaka mwisho wa mwezi huu, kwa hiyo tuko pamoja. Mama kakaa mbele.

*Saumu:* [Picha]

*Shangazi Mwanaisha:* Mashallah wifi yangu. Kavaa ule mtandio wa njano!

*Saumu:* Kasema ndio aliokuwa akivaa kwenda kumpokea Baba.

*Saumu:* Tumepita Glyfada, sasa tupo Vouliagmeni. Kuna ziwa hapa chini ya jabali, maji yake ya uvuguvugu mwaka mzima, hata wakati wa baridi hayashuki chini ya nyuzi 20 hivi. Wazee wa Kigiriki wanaingia kutuliza viungo. Mama akaniuliza, "Kama Amboni?" Nikamwambia kama Amboni, ila haya hayanuki kiberiti.

*Hemedi:* Hao Wagiriki na maji ya moto! Si ndio yale ya Amboni yanaitwa Galanos?

*Saumu:* Na shule uliyosoma kaka. Galanos alikuwa Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge hapo hapo Tanga. Nimemwambia dereva, akashika kichwa. Hakujua kwamba kuna shule ya sekondari Tanzania yenye jina la watu wa kwao. Sasa hataki tena kuongelea kingine.

*Mjomba Kassim:* Baba yetu, yaani babu yako Saumu, alikata mkonge kwa Mgiriki miaka saba. Dada anajua. Muulize habari za mizani.

*Saumu:* Mama anasema anakumbuka mikono yake tu, ilivyochanwa na miba, na alivyokuwa akiipaka mafuta ya nazi usiku.

*Saumu:* Mtandao unakatika huku. Tukifika nitaandika.

*Saumu:* TUMEZIONA. Barabara imepinda, bahari ikafunguka, na zile pale juu, nyeupe. Mama kamshika dereva mkono, "Simama, simama baba." Kasimama pembeni. Mama hakusema neno. Katazama tu.

*Shangazi Mwanaisha:* Nalia hapa jikoni peke yangu.

*Saumu:* Tumeswali Alasiri kwanza, Mjomba, kwenye kipande cha ufuko kabla ya kupanda. Kibla huku ni kusini mashariki, kwa hiyo tulikuwa tumeelekea bahari tupu.

*Mjomba Kassim:* Mwenyezi Mungu aikubali.

*Saumu:* Sasa tunapanda. Kutoka mkahawani mpaka juu si mbali, dakika chache kwa mtu mzima wa magoti, lakini njia ni ya changarawe na mawe yaliyosuguliwa yakawa laini, na upepo unasukuma. Tunakwenda hatua kumi, tunapumzika. Dereva kabaki chini. Hapa sheria hairuhusu dereva kuwatembeza wageni ndani ya mahame, ni kazi ya waongozaji wenye leseni. Stori zake katupa zote ndani ya gari.

*Hemedi:* Fimbo anayo?

*Saumu:* Anayo, na mimi, na jirani upande wa pili.

*Tatu:* Shangazi, mmehesabu?

*Saumu:* Za nje zilikuwa 34 enzi zake mwanangu, 6 kwa 13. Zilizosimama sasa hazifiki nusu. Zilijengwa kati ya 444 na 440 KK. Kabla yake palikuwa na hekalu jingine, jeshi la Waajemi likalibomoa mwaka 480 KK hata halijaisha, ndipo wakajenga hili.

*Saumu:* Na tazama picha hii kwa karibu.

*Saumu:* [Picha]

*Saumu:* Unaona ile michirizi iliyochongwa wima kwenye nguzo? Kwa kawaida nguzo zao za aina hii huwa na 20. Hizi zina 16 tu. Inasemekana walipunguza kwa sababu ya upepo wa chumvi, ili jiwe lisiliwe haraka. Na kweli limeliwa. Upande wa bahari kingo zimekuwa butu kama sabuni iliyotumika, upande wa bara bado zimekaa.

*Tatu:* Mbona nyeupe hivyo? Za kwenye kitabu chetu, za Athens mjini, zina rangi ya asali.

*Saumu:* Swali zuri. Marumaru ya mjini ina chuma ndani yake, ikizeeka inageuka njano. Hii ilichimbwa hapa hapa karibu, Agrileza, haina chuma. Ndiyo maana babu yako aliiona kwa mbali hata kabla jua halijatoka vizuri.

*Mjomba Kassim:* Fedha za kujenga haya zilitoka wapi?

*Saumu:* Nyuma ya vilima hivi kuna Lavrio, machimbo ya madini ya fedha ya zamani. Fedha ya huko ndiyo iliyowaundia Waathens merikebu 200 walizopigana nazo dhidi ya Waajemi kwenye vita vya baharini vya Salamis. Lakini waliochimba walikuwa watumwa, maelfu, kwenye mashimo ambayo mtu mzima anaingia kwa kutambaa. Mara moja waliasi wakaiteka rasi hii yenyewe. Hilo dereva hakulisema, nililisoma mwenyewe, na nimemwambia Mama.

*Mjomba Kassim:* Vizuri umemwambia. Watu wa pwani yetu tunayajua hayo. Tusitazame mawe tukasahau migongo.

*Saumu:* Huwezi kuingia katikati ya nguzo, kuna kamba. Mama aliomba kugusa. Nikamwambia haturuhusiwi. Akakubali, akasimama penye kamba upepo ukimvuta mtandio.

*Saumu:* [Picha]

*Shangazi Mwanaisha:* Ni nini hicho miguuni pake? Kuku?

*Saumu:* KWALE Shangazi! Wapo hapa wanatembea katikati ya mawe bila kuogopa mtu. Mama kafurahi kuliko kitu chochote. Anawaita kama anavyoita kuku nyumbani, nao wanageuza shingo.

*Hemedi:* Dereva kawapa stori gani?

*Saumu:* Ya mfalme Aegeus. Mwanawe Theseus alikwenda Krete kupigana na mnyama, wakaahidiana akirudi mzima atweke matanga meupe. Kijana kwa furaha akasahau, chombo kikarudi na matanga meusi. Mzee alikuwa anangoja juu ya jabali, akajitupa. Bahari ikaitwa kwa jina lake, Aegean. Wengine husema aliruka kutoka Akropolisi mjini, lakini watu wa huku wanadai ni hapa.

*Hemedi:* Maskini mzee wa watu.

*Saumu:* Mama aliisikiliza kwa heshima. Lakini mimi nilikuwa nimemwekea nyingine, nimeihifadhi tangu nilipoisoma. Mshairi wao Homer anaeleza kwamba vita vya Troya vilipokwisha, mfalme Menelaus alikuwa anarudi kwao kwa merikebu. Walipofika rasi hii, mshika usukani wake, Phrontis mwana wa Onetor, akafa ghafla, usukani ungali mkononi, chombo kinakwenda. Hakuna aliyemzidi kushika usukani dhoruba ikivuma. Menelaus alikuwa na haraka ya kufika nyumbani, lakini akaikatisha safari hapa hapa amzike mwenzake kwa heshima zake zote.

*Saumu:* Hapo Mama alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Alikuwa na mke?"

*Saumu:* Nikamwambia mshairi hakusema. Akasema, "Alikuwa naye."

*Shangazi Mwanaisha:* Wifi. Wifi yangu.

*Hemedi:* Ngojeni. Ngojeni kwanza. Ndio nakumbuka kitu.

*Tatu:* Baba kapanda juu ya kiti anashusha sanduku la Babu kutoka juu ya kabati.

*Saumu:* Sanduku la bati?

*Tatu:* Ndiyo. Vumbi kila mahali.

*Hemedi:* [Picha]

*Hemedi:* [Picha]

*Hemedi:* Nilijua nimewahi kuiona! Kadi. Mbele ni picha ya nguzo hizo hizo. Nyuma mwandiko wa Baba kwa kalamu ya buluu, tarehe imefifia, nasoma 1983 tu. "Zuhura, ndizo hizi. Tumezipita alfajiri, zamu ya usukani ilikuwa yangu. Nikirudi nitakueleza vizuri. Nisalimie Hemedi na mama."

*Saumu:* Kaka.

*Saumu:* Nimemsomea Mama. Kasema, "Soma tena." Nimemsomea mara tatu.

*Mjomba Kassim:* Mwenyezi Mungu amrehemu shemeji yangu, ailaze roho yake mahali pema.

*Shangazi Mwanaisha:* Amin. Amin.

*Saumu:* Amin. Jua linashuka. Ni saa moja kasoro dakika kumi. Watu wote wamegeukia magharibi na simu zao. Mama peke yake kageukia upande wa kusini, anatazama njia ya meli. Naweka simu chini kidogo.

*Mama:* [Sauti 1:34]

*Shangazi Mwanaisha:* Simu yangu haifungui sauti. Niandikieni jamani, wifi kasema nini?

*Tatu:* Naandika Bibi Mwanaisha. Upepo mwingi lakini anasikika. Anasema hivi:

"Wifi, nimefika. Upepo wa huku una nguvu kama wa kusi. Nguzo ni kubwa, picha hazisemi kweli. Nilipokuwa nikimngoja mume wangu nilikuwa najua tarehe tu, sikujua njia. Leo nimeiona njia. Sasa hivi meli imepita chini yetu, ya mizigo, imewasha taa, na nguzo zimebaki kulia kwake, vilevile alivyosema. Nimeipungia mtandio. Najua hawanioni, ni mbali, lakini nimeipunga mpaka imepotea nyuma ya kisiwa. Hemedi, hiyo kadi usiirudishe sandukuni. Iweke mahali nikirudi niikute."

*Hemedi:* Nimeisimamisha kwenye kabati la vyombo Mama, mbele ya ile saa.

*Shangazi Mwanaisha:* Kesho nakuja kuiona asubuhi. Msinifungie mlango.

*Saumu:* Tumerudi nyumbani, saa mbili na robo. Magoti yamevimba kidogo, nimemkanda kwa maji ya moto. Njia nzima gizani alikuwa anamfundisha dereva kutamka "Chumbageni". Sasa anataka uji.