Jiko gani la kusafiria linafaa kwa safari ya Mitwaba na Upemba?

Msafiri wa Katuba
Wandugu, salamu kutoka Lubumbashi. Mwezi wa saba, sisi watu watatu tunakusudia kwenda kwa pikipiki hadi Mitwaba, kisha tuelekee mbuga ya Upemba, safari ya siku kumi hivi ambayo usiku mwingi tutalala porini. Mbabula na mfuko wa makala vinatushinda kubeba. Shemeji yangu aliyeko Ufaransa yuko tayari kuniletea jiko dogo, ila anataka nichague: la kopo la gesi, au la pampu linalokubali mafuta ya aina nyingi, ambalo bei yake ni kubwa zaidi. Maelezo niliyosoma, yaliyoandikwa na Mtanzania, yanasema hilo la pili huwaka vizuri kwa petroli. Je, inafaa kulipa hiyo tofauti ya bei?

Fundi Jikleri
Kaka, kabla ya bei, tuelewane kwanza juu ya neno moja. Mtanzania anaposema petroli anakusudia esanse. Petroli yetu sisi, ile ya taa, yeye huiita mafuta ya taa. Kosa hilo si dogo, kwa sababu esanse ikitiwa kwenye jiko la utambi lililoundwa kwa mafuta ya taa inaweza kulipuka.

Jiko la pampu lenyewe hutofautisha mafuta kwa upana wa tundu la jikleri, yaani kile kipande kidogo kinachotolea mafuta kwenye moto. OmniFuel ya Primus (ninasema kampuni ya majiko ya Uswidi, si chupa yetu ya bia) huja na jikleri tatu: milimita 0.28 kwa petroli yetu na mazutu (dizeli), 0.37 kwa esanse, na 0.45 kwa gesi. Ukiwasha petroli kwa jikleri ya esanse, mafuta yanazidi hewa, moto unakuwa wa manjano na sufuria inajaa masizi.

Kwa kuwa mnakwenda kwa pikipiki, esanse mnayo tayari kwenye tangi, nami ningechagua jiko la pampu bila kusita. Kopo la gesi likiisha Mitwaba, utamwomba nani lingine? Hata hivyo, esanse ya makadafi, wale wauza mafuta wa barabarani, mara nyingi ina maji na mchanga: iache itulie, uichuje kwa kitambaa kizito, usijaze chupa ya mafuta ya jiko hadi mdomoni, na usiwashe jiko ndani ya hema, kwani hewa yake chafu huua kimyakimya. Nyasi za kiangazi nazo ni kavu, kwa hiyo safisha ardhi kwanza.

Mama wa Kamalondo
Fundi amesema kweli, lakini amesahau chakula. Majiko mengi ya namna hii yametengenezwa kwa watu wanaochemsha maji ya chai. Bukari inasongwa kwa nguvu, na sufuria iliyokaa juu ya miguu mitatu myembamba itapinduka. Mwanangu, mwambie shemeji yako aangalie upana wa miguu na kama moto unaweza kupunguzwa, maana yako majiko yanayonguruma tu, yasiyojua moto wa polepole.

Mzee wa Likasi
Mimi ningenunua makala njiani, kijiji kwa kijiji. Ni rahisi, ingawa nakiri kwamba ndani ya mbuga hakuna wa kukuuzia.

Msafiri wa Katuba
Asanteni sana. Nitaagiza la pampu lenye miguu mipana, pamoja na jikleri za ziada na mipira ya pampu. Je, shemeji anaweza kulijaribu kwanza huko kwake?

Fundi Jikleri
Asilijaribu. Jiko lililokwisha kunusa esanse linaweza kukataliwa kwenye ndege, hata chupa ikiwa tupu. Mjaribu hapa uani, na mama akiwepo asonge bukari.