Stenti yenye dawa au chuma kitupu kwa mgonjwa anayerudi Lubumbashi?

Mtoa hoja, Lubumbashi: Mgonjwa aliyetibiwa mshipa wa moyo nchi ya nje kwa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachouacha wazi, anarudi na agizo la klopidogreli miligramu 75 kila siku, pamoja na aspirini, dawa mbili za kuzuia damu isigande. Vidonge vikikatika, damu inaganda ndani ya stenti. Kwa hiyo naona heri awekewe chuma kitupu, yaani stenti isiyopakwa dawa, ambacho kwa kawaida kimeagiziwa mwezi mmoja tu wa vidonge hivyo viwili.

Daktari wa moyo, Goma: Yaya, hofu yako ina msingi, suluhisho ulilochagua ndilo silikubali. Puto la kupanulia mshipa na chuma chenyewe hujeruhi ukuta wake. Seli za misuli yake huzaana kuziba jeraha, na katika miezi michache njia inasinyaa tena: kwa chuma kitupu, wagonjwa kama 20 hadi 30 kwa 100. Sirolimusi na ndugu zake, dawa zinazopakwa kwenye stenti, huzuia seli hizo zisigawanyike. Ubaya wake ni kwamba huchelewesha pia utando laini unaopaswa kufunika chuma, na chuma kisichofunikwa hugandisha damu. Stenti zenye dawa za mwanzo, za miaka ya 2002 na 2003, zilikuwa nene, mikroni 140, na polima yake, yaani plastiki inayoshikilia dawa, haikutoka kamwe. Hapo ndipo sifa mbaya ilipoanzia.

Mwaka 2015 jaribio la LEADERS FREE lilichukua watu wapatao 2,400 walio hatarini kuvuja damu. Wote walipewa vidonge viwili kwa mwezi mmoja tu. Stenti ya biolimusi, ndugu wa sirolimusi, isiyo na polima ilihitaji kurudiwa matibabu kwa 5.1%, chuma kitupu 9.8%. Hata mshtuko wa moyo ulipungua. Basi chuma kitupu kinamkinga na nini?

Mfamasia, Bukavu: Dokta, mwezi mmoja usigeuzwe kanuni ya wote. Aliyepata mshtuko wa moyo kwa kawaida huandikiwa miezi 12. Anunue akiba kabla ya kusafiri. Tumbo likimsumbua, apewe pantoprazoli, dawa ya kupunguza asidi. Ndugu yake omeprazoli hudhoofisha klopidogreli. Ikilazimu kuacha klopidogreli, aspirini ibaki.

Mtoa hoja: Nakubali kuhusu unene na polima. Ila vipi puto lililopakwa paklitakseli, dawa nyingine ya kuzuia seli zisizaane, lisiloacha chuma?

Daktari wa moyo, Goma: Linafaa sana stenti ya zamani iliyoziba. Kwanza mshipa upanuliwe vizuri kwa puto la kawaida. Lenye dawa lisiguswe kwa vidole wala kuloweshwa, lifikishwe haraka kwa sababu damu huosha dawa njiani, kisha livimbishwe sekunde 30 hadi 60. Na mgonjwa adai kadi yenye aina ya stenti, kipenyo, urefu na tarehe. Bila hiyo, sisi huku tunakisia lini vidonge vikome.