Unguja hadi Pemba kwa ndege ni muda gani?

Wakuu naomba kujuzwa, kwenye ramani naona visiwa vimeachana kama kilomita 50 tu, sasa mbona ratiba inasema nusu saa angani??

— Hizo 50 ni bahari ya katikati tu mkuu. Uwanja wa Unguja uko huku chini karibu na mjini, ndege inakata kisiwa kizima kwanza ndo ianze maji, halafu inatua Chake Chake, kwahiyo uwanja kwa uwanja ni kama 125.

— Na vile vi-Caravan (vindege vidogo vya Cessna) vinakimbia kama kilomita 300 kwa saa, weka kupanda na kushuka, nusu saa hiyo hapo. Begi lisizidi kilo 15, mara nyingi ndo mwisho.

— Ahaa nimewapata, shukran