Tumepewa saruji ya kuziba nyufa za Gereza la Kilwa Kisiwani. Tuitumie?

Kijana wa Masoko

Wakuu, heshima kwenu. Sisi ni kikundi cha vijana wa Kilwa Masoko, wengi ni bodaboda na wavuvi, na walimu wawili tumo. Huwa tunavuka kwa mashua kwenda Kisiwani kufyeka majani Gerezani, yaani ile ngome ya kale, na watu wa hifadhi wanajua tupo. Fyekeo ni zetu, nauli na chakula tunachangishana.

Sasa kuna mfanyabiashara wa hapa kaona picha zetu, kafurahi, katupa mifuko ya saruji tuzibe nyufa kabla wageni wa meli hawajaanza kuja. Kuna mahali lipu imebanduka, ukigusa jiwe linatoka unga. Juu ya ukuta umeota mti, mizizi imeingia ndani. Na tumeandaa bango la kutangaza: "Karibu uone Ngome ya Wareno ya mwaka 1505".

Naomba ushauri kwa wanaojua: saruji vipi, mti vipi, bango vipi? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Kahawa

Saruji jengeeni choo cha wageni. Mtalii akibanwa haja hata ngome haioni.

Fundi wa Amu

Mwanangu, asalaam aleikum. Mimi ni fundi wa mawe na chokaa, Lamu, kazi nimerithi kwa baba. Saruji hiyo isiguse ukuta. Wala sikwambii kwa kuogopa sheria. Nimeshika tindo na nyundo kubandua saruji waliyopaka watu kwenye nyumba za kale, na kila kipande kikitoka kinatoka na nyama ya jiwe.

Ukuta wa Gereza ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa. Ukuta wa namna hiyo unakunywa maji: ya mvua kwa juu, ya chumvi kwa chini, na hewa ya bahari usiku kucha. Chokaa inayaachia yatoke, jua likiwaka ukuta unakauka. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na unyevu haupiti. Maji yakikosa pa kutokea hubaki ndani na chumvi yake, chumvi inaganda nyuma ya lipu, inasukuma, jiwe linageuka unga. Mwanzoni ukuta utapendeza na mtapigwa picha. Baadaye lipu inabanduka kama gamba la nyoka, na nyuma yake jiwe hulioni tena, ni mchanga mtupu. Huo unga unaouona sasa, uliza kwanza kama hapo hapajapakwa saruji zamani.

Mti msiung'oe! Hapa ndipo vijana wenye nguvu na nia njema wanapoharibu. Mzizi ukishapenya kati ya mawe, huo mzizi ndio unaoyashika. Ukiuvuta umevuta ukuta. Funga matawi kwa kamba, kata moja moja kwa msumeno, shusha polepole, kisha kata shina. Kisiki kiache kife hapo hapo. Kikichipua kata tena, na tena. Kikishakauka, fundi ndiye atakayetoa mizizi kidogo kidogo huku akijaza vijiwe na chokaa pale ilipotoka. Vimche vidogo ving'oeni kwa vidole baada ya mvua. Na panga lisipande juu ya ukuta, linakata jani moja na kuvunja mawe mawili.

Chokaa yenyewe haitaki haraka. Ikishachomwa inazimwa kwa maji, inafunikwa, inalala miezi. Ile changa hupasuka ukutani. Ukianza kazi unaulowesha ukuta kwanza, unapaka nyembamba, unafunika na magunia mabichi jua lisiiwahi. Mikono na macho muyalinde, chokaa inachoma. Lakini msije mkaingia baharini kuvunja matumbawe hai au kukata mikoko ya kuni za tanuu kwa sababu nimesema chokaa. Huko mtakuwa mnajenga hapa na kubomoa pale.

Ngome yetu hapa Lamu ilianza kujengwa 1813, ikamalizika 1821. Ikawa jela mpaka 1984, leo ni makumbusho na watoto wanaingia kusoma. Mafundi walioirudishia sura walikwenda kwa mwendo wa chokaa, siyo kwa mwendo wa meli ya watalii.

Mtembeza Wageni

Mimi naishi huku huku Kisiwani, kazi yangu ni kutembeza wageni, nijibu la bango. Hiyo 1505 ifuteni. Kweli Wareno wa Francisco de Almeida walijenga ngome hapa mwaka huo, lakini waliiacha 1512. Mnachopiga picha leo, sehemu kubwa ni kazi ya Waomani wa mwanzoni mwa karne ya 19, na upande wa baharini maji yameshaula. Andikeni hivyo hivyo, haipunguzi utamu.

Na mkianza kusimulia, msiishie kwenye mizinga na masultani. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kwa mwaka. Mgeni asipolisikia hilo kwetu atalisoma kwingine, atuone wanafiki.

Fundi namheshimu, ila sheria asiipite juu juu. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, jengo lolote la kabla ya 1863 linalindwa, hata kama halina kibao. Kufyeka majani mmeruhusiwa kwa mdomo, sawa. Kugusa jiwe, kupaka kitu, kukata huo mti, hayo yanataka kibali cha maandishi. Msidhani ni urasimu tu. Magofu yetu na ya Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini 2004, yakatolewa humo 2014 baada ya kazi kubwa. Mfuko mmoja wa saruji mahali pabaya ni wa kutuaibisha.

Mkitaka niwaambie mahali pa kumwaga jasho, ni ufukweni. Adui wa Gereza ni mawimbi. Mikoko mbele yake ndiyo ukuta wa kwanza, na miche inakufa kwa mifuko ya plastiki na nyavu chakavu zinazoizonga. Hiyo kazi haipigwi picha sana, najua.

Kuhusu wageni wa meli: wanashuka, wanazunguka, wanarudi melini kula. Kina mama wa kijiji wana pweza wa nazi na hawauzi hata sahani. Bango lenu liwaite wanafunzi wa Lindi na Mtwara, na watu wa Dar wanaolala Masoko usiku mmoja. Hao wanakula, wanapanda mashua, wanarudi na ndugu zao.

Kijana wa Masoko

Fundi, Mtembeza, nimewaelewa. Hapo pa unga nitauliza wazee kama pamewahi kupakwa. Shida imebaki kwa mfadhili. Mzigo uko sebuleni kwangu na ameshatangazia watu msikitini. Ni mtu mzima, rika la baba. Nikimrudishia nitaonekana sina adabu.

Mzee wa Kahawa

Usirudishe kitu. Mchukue mzee mmoja mwende naye baada ya Alasiri, aanze yeye kuongea. Mwambieni kupaka kitu kwenye gofu kunataka kibali cha maandishi na saruji inaharibu mawe, kwa hiyo mnaomba ruhusa yake ibadilishiwe kazi. Na mimi kuhusu choo sikuwa natania.

Fundi wa Amu

Akikubali, muombe na misumeno miwili, kamba nzuri na turubai. Hivyo ndivyo vitakavyoonekana kazini, na jina lake mtalitaja kwa haki. Picha pigeni nyingi kabla ya kugusa chochote, kila ukuta, na kijiti chenye vipimo pembeni. Mkipata kibali, fundi atakayekuja ataanza na picha hizo.

Kijana wa Masoko

Tunakwenda kwake Ijumaa. Bango nimelifuta, mwalimu mwenzangu anaandika jingine. Jumapili tunaweza kuja kwenye mikoko?

Mtembeza Wageni

Njooni, ila tokeni Masoko alfajiri. Kusi limekaza, mchana mashua itawasumbua. Fyekeo acheni nyumbani, leteni magunia na viatu vya kuingilia tope. Mnaobaki kula semeni mko wangapi kabla ya Jumamosi, kina mama wanunue pweza.