Naomba ushauri: Majilio na zamu za hoteli

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo hapa Malindi. Desemba ni msimu wa wageni, wengi wetu tuko hotelini mpaka usiku. Jumapili iliyopita tulikuwa watano tu. Shada letu la Majilio (lenye mishumaa minne, mmoja kwa kila Jumapili ya kungoja Noeli) ni la majani ya mwarobaini. Feni ilizima mshumaa wa pili mara mbili, mama mmoja akaukinga kwa kanga.

Novena ya Noeli, yaani sala za siku tisa, inaanza tarehe 16. Tusali alfajiri kabla ya zamu, au saa tatu usiku? Mimi naona alfajiri, ila wenye watoto wa shule wananung'unika (na shule zimefungwa!). Na mshumaa wa rangi ya waridi wa Jumapili ya tatu nimeukosa madukani. Nikifunga utepe wa waridi kwenye mweupe, itafaa?