Ulinganisho: NAS ya ofisini, klaudi, au kukodi nafasi kituo cha data? (ofisi ya watu 9, Mombasa)

Wakala_Shimanzi
Asalaam aleikum wanajamvi. Niko kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Shimanzi. Hati za shehena, ankara, picha za kontena na makaratasi ya wateja tuliyopiga skani yamefika gigabaiti 400 hivi. Yote yamo kwenye kompyuta moja ya mapokezi, na wengine wote twayafungulia humo kupitia mtandao wa ofisi. Mkubwa wetu ataka tuamue kabla mwezi haujaisha: NAS, yaani kisanduku cha diski kinachokaa ofisini kwenye mtandao wetu; klaudi, yaani kuweka kwenye mashine za kampuni nyingine kupitia intaneti; au kukodi nafasi ya mashine yetu kwenye kituo cha data. Nyinyi mwatumia nini, na kwa nini?

Fundi_MwembeTayari
Waaleikum salaam. Kwa kazi ya kila siku, NAS. Laini yenu ikiwa yapandisha megabiti 10 kwa sekunde, hizo gigabaiti 400 zitachukua karibu siku 4, usiku na mchana, kufika klaudi. Kwa waya wa gigabiti 1 humo ndani ya ofisi ni kama saa moja. Nunueni yenye diski 2 zinazoandika kitu kimoja kwa pamoja, ili moja ikifa kazi isisimame.

Msiiweke karibu na dirisha. Hewa ya chumvi na unyevu wa hapa kwetu hula viunganishi na feni polepole, na hamtajua mpaka mashine igome. Chumba chenye kiyoyozi, iinuliwe isiguse sakafu, na UPS, yaani betri ya dharura, iliyounganishwa kwa waya wa data na NAS yenyewe, betri ikikaribia kuisha mashine ijizime kwa utaratibu. Umeme ulipopotea karibu nchi nzima usiku wa 25 Agosti 2023, hakuna betri ndogo ya ofisini ambayo ingefika asubuhi. Kazi yake ni kuwapa dakika za kuokoa diski.

Bi_Hesabu
Mimi ni wa klaudi na sirudi nyuma. Watu wawili wafungua hati moja kwa wakati mmoja, na aliye Kilindini aiona kwenye simu. Ila mjue bei nyingi ni za dola. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na baadaye mwaka huohuo ikashuka hadi 129 hivi. Malipo ni yale yale kwa dola, lakini kwa shilingi bajeti yapanda na kushuka. Na rekodi za kodi zatakiwa zikae miaka 5, kwa hivyo msipige hesabu ya mwezi mmoja. Pigeni ya miezi 60.

Mkongo_Nyali
Kuhusu intaneti, watu wa Mombasa tuna jambo letu. Mikongo ya intaneti ya chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, ilitua hapa 2009, EASSy ikafuata 2010, kwa hivyo twadhani tuko salama kuliko wengine. Lakini klaudi kubwa zilizo karibu nasi ziko Afrika Kusini: Microsoft ilifungua Johannesburg 2019, Amazon ikafungua Cape Town 2020. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini kwa pamoja, na mtandao ukalemaa Afrika Mashariki yote. Mkongo kupita mlangoni pako si sawa na data yako kukaa hapa. Muulizeni muuzaji swali moja: mafaili yetu yatalala mji gani?

Kituo cha data cha hapa mjini ni kizuri kwa jenereta, baridi na ulinzi. Kwa watu 9 naona ni kujitwisha mzigo. Achieni benki na kampuni za simu.

Dada_Data
Jamani, mwalinganisha mahali pa kuweka, na bado sijasikia mtu akiuliza kilichowekwa kimepangwaje. Ukihamisha fujo ya kompyuta ya mapokezi kwenda NAS, utapata fujo yenye diski mbili.

Anzeni na majina. Kila faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha nambari ya hati ya shehena: 2024-03-15, halafu nambari. Kompyuta itazipanga yenyewe kwa tarehe. Folda moja kwa kila shehena, na kila mfanyakazi aingie kwa nywila yake, ili anayeacha kazi afungiwe siku hiyo hiyo.

Pili, kama orodha ya wateja na shehena iko kwenye Excel, itoeni. Excel yabeba mistari 1,048,576, kwa hivyo nafasi si tatizo. Tatizo ni jina la mteja mmoja kuandikwa namna nne, na mizigo yake kutawanyika chini ya majina manne. Edgar Codd wa IBM alieleza dawa yake mwaka 1970: jedwali la wateja peke yake, jedwali la shehena peke yake, yaunganishwe kwa nambari. Jina laandikwa mara moja tu. Programu ya PostgreSQL hufanya hivyo na ni ya bure.

Tatu, na hapa naomba sana mnisikilize. Diski mbili ndani ya NAS si bakapu, yaani nakala ya akiba. Mtu akifuta faili, lafutika kwenye zote mbili. Virusi vya kudai fidia vikiingia kwenye kompyuta moja, vyafunga kila folda ambayo kompyuta hiyo yaruhusiwa kuandika. Klaudi inayosawazisha mafaili nayo yafuata: Google Drive huweka kilichofutwa kwenye pipa siku 30, kisha hakipo. Wekeni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja nje ya jengo. Kila mwezi chagueni faili moja mlirudishe kutoka kwenye bakapu, mlifungue, mlisome. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa msiihesabu.

Fundi_MwembeTayari
Hapo kwa nakala tatu naunga mkono kabisa. NAS nyingi zaweza kupeleka nakala klaudi usiku, zikituma yaliyobadilika tu, kwa hivyo laini ndogo yatosha baada ya ule mzigo wa kwanza.

Bi_Hesabu
Wakala, mna nakala za vitambulisho vya wateja humo? Basi Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yawahusu. Data ikivuja na ikawa hatari kwa wenyewe, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Na kusamehewa kujisajili kwa Kamishna ni kwa walio na wafanyakazi chini ya 10 na mapato ya mwaka chini ya shilingi milioni 5, yote mawili kwa pamoja. Nyinyi mko 9, lakini angalieni mapato.

Wakala_Shimanzi
Mapato yamepita hapo, tutajisajili. Nimempelekea mkubwa hivi: NAS ya kazi, nakala ya usiku klaudi ikiwa imefungwa kwa msimbo ili asiye na ufunguo asiisome, na diski ya nje anayoondoka nayo kila Ijumaa. Majina ya mafaili tumeanza leo. Dada_Data, ule ufunguo wa msimbo niuweke wapi?

Dada_Data
Usiuweke ndani ya NAS, maana ikiungua na ufunguo umeungua. Uandike kwenye karatasi mbili: moja kwenye sefu ya ofisi, nyingine kwa mkubwa nyumbani. Kisha jaribu kuurudisha mzigo kwa kutumia ile karatasi, kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuuona.