Kura ya kitabu bora cha vijana imetuvuruga, naombeni ushauri

Msomaji wa Usiku

Habari zenu wapenzi wa vitabu. Naomba ushauri, na mkinicheka nitaelewa.

Nina kikundi cha kusoma, tupo watu 31. Vijana wa chini ya miaka 18 ni 12, waliobaki ni sisi wenye mvi na wanaozinyemelea. Mwezi uliopita tulikubaliana tupige kura ya kitabu bora cha vijana cha nyakati zote, kitakachoshinda tukisome upya pamoja. Kila mtu kitabu kimoja, kwa kunyoosha mkono, mimi ndiye mhesabuji. Nilidhani ni kazi ya robo saa.

Matokeo: Harry Potter kura 11, Siku Njema kura 8, na kura 12 zilizobaki zikatawanyika kwenye vitabu 9. Hapo ndipo moto ulipowaka. Mmoja akasema Harry Potter si kitabu, ni vitabu 7, kwa hiyo zile kura 11 zigawanywe kwa 7. Mwingine akadai Siku Njema si kitabu cha vijana, ni kitabu cha mtihani. Mzee wetu mmoja alipigia Rosa Mistika, akaambiwa hicho cha vijana wapi, akakikwapua kitabu chake akaondoka, na hadi leo hapokei simu.

Niliporudi kwenye daftari usiku nikaona jambo lililoninyima raha zaidi: katika zile kura 11 za mshindi, za vijana ni 2 tu.

Sasa nisaidieni. Kitabu cha vijana ni kipi hasa? Na kura hii nairudiaje bila kuvunja kikundi?

Kalamu Kavu

Kugawanya kwa 7! Huyo mpeni uenyekiti.

Ila pole mkuu, hamjaanza nyinyi. Mwaka 2012 redio ya umma ya Marekani, NPR, iliendesha kura kama yenu na watu zaidi ya 75,000 wakapiga. Mfululizo mzima ulihesabiwa kama kitabu kimoja. Wa kwanza Harry Potter, wa pili The Hunger Games. Cha tatu kilikuwa To Kill a Mockingbird, riwaya ya mwaka 1960 ambayo ilipotoka hakuna aliyeiita kitabu cha vijana. Kwa hiyo ugomvi wenu wote miwili, wa mfululizo na wa "hiki si cha vijana", umo ndani ya vitabu vitatu vya mwanzo.

Kwangu mimi dawa ya mfululizo ni ndogo. Anayetaka kuupigia ataje juzuu. Harry Potter cha kwanza cha 1997 au cha mwisho cha 2007? Utaona watu wanavyokuna vichwa.

Mama Kurasa

Kalamu Kavu, hiyo ni adhabu, si sheria. Mtu aliyekua na mfululizo miaka kumi haoni juzuu, anaona safari moja. Muache aupigie mzima, basi.

Nije kwenye swali la msingi. Watu hukimbilia umri wa mhusika: akiwa na miaka 15, basi kitabu ni cha vijana. Hapana. Mimi huangalia msimulizi amesimama umbali gani kutoka kwenye jeraha. Kitabu cha vijana kinasimulia likiwa bado bichi, mhusika hajui kama atapona. Kwa kipimo hicho Siku Njema inaleta mjadala mtamu, kwa sababu Kongowea anasimulia akiwa mtu mzima anayetazama nyuma. Lakini ile kiu ya kumtafuta baba, kutoka Tanga hadi Kitale, ameiandika kama bado inamkausha koo. Naipitisha. Anayesema ni kitabu cha mtihani anailaumu riwaya kwa makosa ya maswali.

Halafu msisahau kwamba mara nyingine anayeamua ni muuzaji. The Book Thief, ile inayosimuliwa na Mauti, kwao Australia ilitolewa kama riwaya ya watu wazima, ilipofika Marekani ikawekwa rafu ya vijana. Maneno ni yale yale.

Ngamia wa Maktaba

Dada Mama Kurasa, kwa heshima zote, kipimo chako kitaiingiza na Rosa Mistika, na hapo sikubali. Nimeisoma mara tatu. Mwandishi wake, Kezilahabi, hakumwandikia Rosa, alimwandikia Zakaria, baba yake Rosa. Ni kitabu kinachowasema wazazi: ukimfungia binti kwa fimbo bila kumfundisha dunia, dunia itamfundisha yenyewe. Na mwisho wake mnaujua. Kijana anayeisoma peke yake, bila mtu wa kuzungumza naye, namhurumia.

Mama Kurasa

Kwani vijana hawasomi vitabu vinavyowasema wazazi? Hivyo ndivyo wanavyosoma chini ya shuka! Riwaya ya 1971, ikapigwa marufuku shuleni, baadaye ikaja kusomwa humo humo shuleni. Mwisho wake ni mzito, nakubali, azungumze na mtu. Ila kuzungumza na mtu si ndiyo kazi ya kikundi cha kusoma? Mpigieni mzee wa watu simu mumwombe radhi.

Hesabu Haidanganyi

Nawaachia falsafa. Tatizo la mleta uzi ni karatasi ya kura.

Kura 11 kati ya 31 maana yake watu 20 hawakumtaka mshindi, au angalau hawakumtaja. Kwa kura ya chaguo moja hujui wale 20 walikuwa wanampenda kiasi gani. Huenda ni chaguo lao la pili, huenda hawataki hata kumsikia. Fanya hivi: kila mtu aandike vitabu vitatu kwa kufuatana, cha kwanza pointi 3, cha pili 2, cha tatu 1. Kitabu kinachopendwa kimya kimya na wengi kitajitokeza. Iwe kura ya siri pia, maana mikono ikinyooshwa kijana anamtazama mjomba wake kwanza.

Kasoro yake nakuambia mapema: wajanja watamwacha mpinzani nje ya karatasi hata kama wanampenda, ili asipate pointi. Hilo halina dawa, labda aibu.

Binti Kimya

Shikamooni. Mimi nina miaka 16 na nimesoma yote hapo juu.

Naona mnabishana kuhusu vitabu vyetu na hakuna aliyetuuliza. Watu wazima mkipiga kura hii hamkipigii kitabu, mnaupigia ule mwaka mliokisoma. Ndiyo maana washindi ni wale wale. Mimi kikundini kwetu nilitaja kitabu ninachokipenda, mtu mzima akaniambia ni cha kitoto. Hakuwahi kukifungua.

Ngamia wa Maktaba, asante kwa huruma. Nimesoma Rosa Mistika peke yangu na nipo salama. Kilichonitisha ni kwamba niliwajua watu wa humo.

Msomaji wa Usiku, kama vijana wako watataka pa kuanzia, wape The Outsiders. S.E. Hinton alianza kuiandika akiwa na miaka 15, ikatoka 1967 akiwa na 18. Hakuwa anakumbuka ujana, alikuwemo ndani.

Kalamu Kavu

Marahaba binti. Tumenyamaza.

Naongezea tu, maana linamuunga mkono: mwaka huo huo 2012 kampuni ya Bowker ilichunguza soko la Marekani ikakuta asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vya vijana wana miaka 18 na zaidi. Kwa hiyo kura za watu wazima 19 kuwameza vijana 12 si ajabu ya kikundi chako. Tenganisha masanduku.

Msomaji wa Usiku

Wakuu, narudisha mrejesho.

Tumepiga kura upya Jumamosi: karatasi za siri, vitabu vitatu kila mtu, masanduku mawili. Mfululizo umeruhusiwa mzima (Mama Kurasa kashinda). Kwa jumla ya pointi imeongoza Siku Njema, ingawa walioiweka ya kwanza si wengi. Karibu kila karatasi imeiweka ya pili. Hesabu, nakuvulia kofia.

Sanduku la vijana limetoa The Outsiders. Niliwatajia wiki iliyotangulia, wakapokezana nakala moja mpaka jalada likatoka. Kati yetu watu wazima 19, aliyeisoma ni mmoja, na si mimi. Tumekubaliana tuanze na hiyo, Siku Njema ifuate. Mmoja wa watu wazima ameuliza kama ni ndefu.

Mzee wetu niliyemwomba radhi amerudi. Kura ni ya siri, kwa hiyo sitataja mtu. Ila kuna karatasi moja imeandikwa Rosa Mistika ya kwanza, Rosa Mistika ya pili, Rosa Mistika ya tatu, kwa wino mwekundu. Nimempa pointi 3.

Ngamia wa Maktaba

Mpe zote 6.